Ukungu wa Mkate: Mwalimu Asiyetumiwa

Mwanafunzi wa kidato cha juu akiulizwa kuhusu kazi ya George Beadle na Edward Tatum, jibu hulitoa bila kusita: jeni moja, kimeng'enya kimoja. Maneno hayo manne huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, hukaririwa usiku wa kuamkia mtihani, na baada ya mtihani husahauliwa. Akiulizwa tena wataalamu hao walilijuaje jambo hilo, ilhali katika siku zao hapakuwa na mtu aliyepata kuiona jeni, mara nyingi hunyamaza. Kimya hicho ndicho kinachostahili kuwashughulisha walimu. Shule inayofundisha jibu bila ya kufundisha njia iliyolileta jibu hilo haijafundisha sayansi, imefundisha wimbo.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba njia yenyewe si ngumu. Haihitaji hesabu za juu wala mitambo ya thamani kubwa ili ieleweke. Inahitaji ukungu wa mkate, subira, na akili inayoweza kufuata mantiki hatua kwa hatua. Makala haya yanashikilia kwamba habari ya jinsi ukungu unavyotengeneza asidi-amino zake, na jinsi jeni zinavyoiongoza kazi hiyo, ni mojawapo ya masomo bora kabisa yanayoweza kutolewa katika elimu-viumbe ya sekondari, na kwamba kuipunguza ikawa usemi wa maneno manne ni hasara kwa mwanafunzi na kwa taifa lake.

Kwa nini ukungu

Kuvu ni jamii kubwa ya viumbe. Humo mna uyoga, hamira, na ukungu unaoota juu ya andazi lililolala. Kuvu si mimea, kwa kuwa haziwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wala si wanyama. Ukungu unaohusika hapa huitwa Neurospora crassa. Rangi yake ni ya chungwa, na habari zake ziliandikwa huko Ufaransa mwaka 1843 ulipoivamia mikate ya jiji la Paris. Katika nchi za joto hupenda kuota juu ya mimea iliyoungua moto. Huko Java, nchini Indonesia, ukungu wa jamii hiyo hiyo hutumiwa kuyageuza mashudu ya karanga yakawa chakula kiitwacho oncom.

Ukungu huu una sifa zilizoufanya uwe chombo cha utafiti. Kwanza, mahitaji yake ni machache mno: sukari, chumvi chache zenye naitrojeni na madini mengine, na vitamini moja tu iitwayo biotini. Kutokana na vitu hivyo hujitengenezea mambo mengine yote, zikiwamo asidi-amino zote 20 ambazo kwazo kila kiumbe hujenga protini zake. Pili, kwa sehemu kubwa ya maisha yake kila kiini cha chembe yake hubeba seti moja tu ya kromosomu. Mtu, au mhindi shambani, hubeba seti mbili, na jeni iliyoharibika huweza kufichwa na mwenzake iliyo nzima. Katika ukungu hakuna wa kuificha. Kasoro hujitokeza mara moja. Tatu, ukungu wa aina mbili ukijamiiana, spora nane hupatikana zikiwa zimepangana ndani ya kifuko kimoja mithili ya kunde ndani ya ganda, na mtafiti aweza kuzitoa moja moja na kuzikuza kila moja katika neli yake.

Swali lililogeuzwa

Wazo la kwamba urithi unahusiana na kemia ya mwili halikuzaliwa kwenye ukungu. Mwaka 1902 tabibu Mwingereza Archibald Garrod alieleza ugonjwa ambao mkojo wa mgonjwa hugeuka kuwa mweusi ukikaa hewani. Aliona kwamba ugonjwa huo hufuata kanuni za urithi za Mendel, na baadaye akatoa hoja kwamba mgonjwa amekosa uwezo wa kukamilisha hatua moja ya kikemikali. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, lakini kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakuijali.

Katika miaka ya 1930 Beadle, akishirikiana na Boris Ephrussi, alijaribu kuichunguza kemia ya jeni kwa kutazama rangi za macho ya nzi. Kazi hiyo ilikuwa nzito. Walianza na jeni iliyojulikana, kisha wakatafuta kemikali isiyojulikana. Mwaka 1941, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Tatum aliyekuwa mwanakemia, Beadle aliligeuza swali. Badala ya kutafuta kemikali ya jeni fulani, yafaa nini kuanza na kemikali zinazojulikana, yaani vitamini na asidi-amino, na kutafuta jeni zinazohusika na utengenezaji wake? Ugeuzaji huo ndio ulioleta mafanikio, na wanafunzi wanapaswa kuambiwa hivyo: pengine kikwazo cha mtafiti si uhaba wa vyombo bali ni swali lililoulizwa kwa kuanzia upande usiofaa.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Waliupiga ukungu kwa miali ya eksirei ili baadhi ya jeni ziharibike. Wakaujamiisha na ukungu mzima, wakazitoa spora moja moja, na kila spora wakaikuza katika chakula kamili chenye kila aina ya vitamini na asidi-amino. Ukungu ulipokwisha kuota, kipande kidogo kilihamishiwa katika chakula cha msingi, yaani sukari, chumvi na biotini peke yake. Ukungu mzima uliota humo bila ya shida. Ule ulioota katika chakula kamili na kugoma katika chakula cha msingi ulionekana kuwa umepoteza uwezo wa kujitengenezea kitu fulani. Ndipo walipouongezea virutubisho kimoja kimoja, mpaka wakapata kile kilichouamsha.

Wa kwanza kuonyesha upungufu ulikuwa ule uliopewa namba 299, na upungufu wake ulikuwa wa piridoksini, ambayo ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Namba hiyo nayo ina funzo lake, kwa maana si kila mtu angeendelea kujaza neli baada ya mamia kupita bila ya tukio. Ukungu huo ulipojamiishwa na mzima, nusu ya spora zilirithi kasoro na nusu hazikurithi. Huo ndio ushahidi kwamba kasoro ile ilitokana na jeni moja. Mwaka 1958 Beadle na Tatum walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Joshua Lederberg aliyechunguza urithi wa bakteria.

Punje, unga na ugali

Hata hivyo, jaribio lenye faida kubwa kuliko yote darasani lilifanywa na watu wengine, ambao majina yao husahauliwa na vitabu vingi. Mwaka 1944 Adrian Srb na Norman Horowitz walichunguza ukungu ambao haukuweza kutengeneza asidi-amino iitwayo arjinini. Ili kuielewa hoja yao, na ichukuliwe nyumba moja inayopata ugali kwa hatua tatu. Mahindi hupukuchuliwa kutoka kwenye gunzi yakawa punje. Punje husagwa zikawa unga. Unga husongwa ukawa ugali. Kila hatua ina mfanyakazi wake.

Siku moja nyumba hiyo inalala njaa. Jirani hawezi kuingia ndani, ila aweza kupeleka kitu mlangoni na kuangalia kama watu watakula. Akipeleka punje na watu wakala, atajua kwamba msagaji na msongaji ni wazima, na kasoro iko kabla ya punje kupatikana. Punje zisipofaa kitu, lakini unga ukafaa, basi aliyekosekana ni msagaji. Ikiwa hata unga haufai, na nyumba inapona kwa kuletewa ugali uliokwisha kuiva peke yake, basi aliyekosekana ni msongaji. Bila ya kuvuka kizingiti, jirani amejua hatua ngapi zimo, zinafuatana vipi, na ipi imeharibika.

Srb na Horowitz walifanya vivyo hivyo. Punje yao ilikuwa kemikali iitwayo ornithini, unga wao ulikuwa sitrulini, na ugali wao ulikuwa arjinini yenyewe. Walipata aina saba za ukungu wenye kasoro, kila aina ikiwa na jeni yake iliyoharibika. Aina nne ziliota zikipewa chochote kati ya hivyo vitatu. Kasoro zao, basi, zilikuwa kabla ya ornithini. Aina mbili hazikufaidiwa na ornithini, bali ziliota kwa sitrulini au arjinini. Aina moja iliota kwa arjinini peke yake. Hivyo ramani ya njia ikachorwa: ornithini, kisha sitrulini, kisha arjinini. Mfuatano huo ulikuwa umekwisha kuonekana mwaka 1932 na Hans Krebs na Kurt Henseleit katika ini la wanyama. Ukungu wa mkate na ini la mnyama vilikutwa vinapita njia moja.

Mwanafunzi aliyeielewa hoja hiyo amepata kitu kikubwa kuliko habari ya arjinini. Amejifunza kwamba utendaji wa kitu hujulikana kwa kutazama mahali kilipoharibika. Fundi wa redio huitumia hoja hiyo, na tabibu kadhalika.

Usemi uliorekebishwa

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na maneno yale manne: si sahihi kikamilifu. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba damu ya mwenye ugonjwa wa selimundu hutofautiana na damu ya kawaida kwa asidi-amino moja katika hemoglobini. Hemoglobini si kimeng'enya, bali ni protini inayobeba oksijeni, nayo imejengwa kwa minyororo ya aina mbili inayotokana na jeni tofauti. Kwa hiyo usemi ulirekebishwa: jeni moja, mnyororo mmoja wa asidi-amino. Baadaye ilionekana kwamba hata huo hautoshi, kwani ziko jeni zinazotoa minyororo zaidi ya mmoja, na ziko zisizotoa protini hata kidogo.

Kuvu zenyewe zimetoa mfano wa kuchekesha. Katika njia inayoelekea kwenye asidi-amino za fenilalanini, tirosini na triptofani, Neurospora, hamira na jamaa zao wana jeni moja inayotoa mnyororo mmoja mrefu unaofanya kazi za vimeng'enya vitano. Ni kana kwamba katika nyumba ile mtu mmoja anapukuchua, anasaga na kusonga. Mwanafunzi aliyekariri usemi huona mfano huu kuwa ni uasi. Aliyejifunza njia ya kuufikia usemi huo huona ni habari mpya tu, na hujua namna ya kuipima.

Aidha, utafiti uliofanywa kwa hamira umefunua kwamba jeni za asidi-amino hazifanyi kazi kila moja kwa upande wake. Chembe ya hamira ikipungukiwa na asidi-amino moja tu, huongeza utengenezaji wa vimeng'enya vya njia nyingi kwa pamoja, hata za asidi-amino ambazo hazijapungua. Msimamizi wa shughuli hiyo ni protini iitwayo Gcn4, ambayo hushikamana na jeni hizo na kuziamsha. Mpangilio wa namna hiyo umo katika Neurospora pia. Kuvu hutenda kama mwenye nyumba mwangalifu, ambaye akiona chumvi imekwisha hukagua na sukari, mafuta na kuni.

Kutoka maabara hadi sahani

Yawezekana msomaji akauliza haya yote yana faida gani kwa nchi ambayo wananchi wake wengi ni wakulima. Jibu limo katika sahani ya chakula cha mchana.

Asidi-amino moja iitwayo lisini hutengenezwa na viumbe kwa njia mbili tofauti. Mimea na bakteria wengi wana njia yao. Kuvu zina nyingine kabisa. Binadamu hana hata mojawapo. Kuna asidi-amino tisa ambazo mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea, na lisini ni mojawapo. Kwa lugha ya maabara, kila mtu anayetembea duniani ni sawa na ukungu wenye kasoro, ambao haustawi mpaka upewe kile usichoweza kukitengeneza. Mtu hupewa kitu hicho katika chakula. Protini ya mahindi ina lisini haba na triptofani haba. Kwa hiyo mtoto anayekula ugali mtupu siku zote yumo katika chakula cha msingi, ilhali mwili wake unadai chakula kamili. Maharage yana lisini ya kutosha, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Makande, basi, si mlo wa kudharauliwa. Ni mapungufu mawili yanayofidiana, na mwanafunzi aliyeielewa habari ya ukungu aweza kueleza kwa nini, badala ya kuambiwa tu kwamba maharage hujenga mwili.

Uhusiano haukomi hapo. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza kwamba mahindi yenye kasoro ya jeni iitwayo opaque-2 yana lisini nyingi kupita mahindi ya kawaida. Jeni hiyo ikiwa nzima husimamia utengenezaji wa protini za punje ambazo karibu hazina lisini. Ikiharibika, protini hizo hupungua na nafasi yake huchukuliwa na zilizo bora. Msimamizi huyo wa mahindi, kwa umbo lake, ni wa ukoo mmoja na Gcn4 wa hamira. Punje za mahindi yale ya mwanzo zilikuwa laini na zilishambuliwa na wadudu upesi. Ilichukua miaka mingi ya kazi ya Surinder Vasal na Evangelina Villegas, huko Mexico, kupata mbegu ngumu zenye protini bora, na mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Mbegu za namna hiyo zimefika Afrika Mashariki pia; nchini Tanzania baadhi zilipewa jina la Lishe.

Lisini inayochanganywa katika chakula cha kuku na nguruwe nayo ina historia ya jinsi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Shukuo Kinoshita na wenzake, nchini Japani, walitumia bakteria wenye kasoro ya kutotengeneza homoserini, na bakteria hao wakaimwaga lisini kwa wingi. Mantiki ya kutafuta kiumbe mwenye kasoro, iliyoanza na ukungu wa chungwa, ikawa msingi wa viwanda.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza la walimu litakuwa kwamba shule nyingi hazina maabara ya kukuzia kuvu. Ni kweli, wala haifai kulazimisha. Tena kukuza ukungu usiojulikana darasani ni hatari: baadhi ya kuvu hutoa sumu, kama ile ya aflatoksini iliyowaua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2004 waliokula mahindi yaliyovunda. Lakini jaribio la Srb na Horowitz halihitaji ukungu ulio hai ili lifundishwe. Linahitaji ubao na chaki. Mwalimu achore jedwali, upande mmoja aina za ukungu, upande wa pili kemikali zilizoongezwa. Aweke alama ya kujumlisha pale ukungu ulipoota na ya kutoa pale ulipogoma. Kisha awaachie wanafunzi wautafute mfuatano wao wenyewe. Darasa litabishana, na ubishi huo ndio somo.

Pingamizi la pili ni kwamba muhtasari wa masomo umejaa. Zoezi hilo linakula vipindi viwili. Badala yake litaokoa vipindi vingi, kwa kuwa aliyeielewa njia moja ya kikemikali kwa mantiki hataona taabu kuzielewa nyingine.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni la lugha. Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Usemi mfupi wa kigeni hukaririka kwa urahisi, na kwa sababu hiyo huficha kutoelewa. Habari ya punje, unga na ugali hufikirika kwa lugha inayosemwa nyumbani, na mwalimu asione haya kuitumia hata kama majibu ya mtihani yataandikwa kwa lugha nyingine. Fikra ikishakomaa haikosi mavazi.

Watungaji wa mitihani ndio wenye ufunguo wa jambo hili, kwa kuwa mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Swali la kutaja mchango wa Beadle na Tatum linampa tuzo mwenye kumbukumbu. Mahali pake paulizwe hivi: ukungu wa aina ya kwanza huota ukipewa kemikali B au C, wa pili huota ukipewa C peke yake, na wa tatu huota ukipewa A, B au C, kemikali hizo zinafuatana vipi, na kila ukungu umeharibika wapi? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa hoja atakuwa ameifanya, kwa dakika kumi na kipande cha karatasi, kazi ya mtafiti.